Miezi Mia Moja ya Mstaafu wa Masasi na Newala

Mtumishi wa umma Tanzania anaweza kustaafu kwa hiari akitimiza miaka 55, na akitimiza 60 ni lazima astaafu, isipokuwa kada chache, kama maprofesa na wahadhiri waandamizi wa vyuo vikuu na madaktari bingwa, ambazo umri wake ni mrefu zaidi. Kwa mwalimu, muuguzi au ofisa ugani wa Masasi na Newala, tarehe ya kustaafu inajulikana tangu siku ya kwanza ya ajira. Hata hivyo wengi huanza kuifikiria wakishapokea barua ya taarifa, miezi sita kabla ya kuondoka. Hapo muda umekwisha. Vitu vinavyomlisha mstaafu, yaani pensheni, nyumba, shamba na afya, hutengenezwa kwa miaka, na umri wa kuanza kuvishughulikia kwa makini ni miaka 50.

Hesabu ya mafao

Tangu Agosti 2018 watumishi wa umma wamo katika mfuko wa PSSSF, uliounganisha PSPF, LAPF, GEPF na PPF. Walio katika sekta binafsi na waliojiajiri wamo NSSF. Katika PSSSF mtumishi huchangia asilimia 5 ya mshahara na mwajiri asilimia 15. Ili kupata pensheni ya kila mwezi inabidi michango ifike angalau miezi 180, yaani miaka 15.

Kikokotoo kimebadilika mara kadhaa. Kanuni za 2018 zilizotaka mkupuo, yaani sehemu inayolipwa mara moja mtu anapostaafu, uwe asilimia 25 zilisitishwa Desemba mwaka huohuo baada ya malalamiko ya wafanyakazi. Julai 2022 mkupuo uliwekwa asilimia 33 kwa wote. Katika bajeti ya 2024/25 waliokuwa wakilipwa asilimia 50 zamani wakapandishwa kutoka 33 hiyo hadi 40, na waliokuwa kwenye asilimia 25 wakapandishwa hadi 35.

Hesabu yenyewe haihitaji mtaalamu. Huchukuliwa wastani wa mshahara wa mwaka kutoka miaka mitatu bora ndani ya miaka kumi ya mwisho, ukazidishwa kwa idadi ya miezi ya michango, kisha ukagawanywa kwa 580. Jibu ndilo pensheni kamili ya mwaka. Sehemu inayolipwa kwa mkupuo huzidishwa kwa 12.5, na iliyobaki hugawanywa kwa miezi 12.

Mfano ni mwalimu mwenye miezi 360 ya michango na wastani wa mshahara wa shilingi 900,000 kwa mwezi. Pensheni yake kamili ya mwaka ni shilingi 6,703,448. Akiwa kundi la asilimia 40, kiinua mgongo chake, yaani mkupuo, ni shilingi 33,517,241 na pensheni yake ni shilingi 335,172 kwa mwezi. Akiwa kundi la asilimia 35, atapata mkupuo wa 29,327,586 na pensheni ya 363,103.

Namba hizo zina funzo moja kubwa. Kwa kundi la asilimia 40, mkupuo ni sawasawa na pensheni ya miezi 100, hata mshahara uwe mdogo au mkubwa kiasi gani. Fedha inayoonekana kama utajiri siku inapoingia benki ni riziki ya miaka minane na miezi minne, iliyotolewa kwa siku moja. Anayeitazama hivyo haitumii kama aliyeokota. Na kwa kuwa pensheni ya kila mwezi ndiyo itakayodumu, maisha ya uzeeni hupimwa kwa shilingi 335,172, na zile milioni 33 zikabaki kuwa akiba ya kutegemeza.

Mambo mawili huongeza mafao kabla ya kuondoka. La kwanza ni miezi: mwalimu wa mfano huu akiondoka na miaka 55 badala ya 60, hata kama wastani wa mshahara haukubadilika, hupoteza karibu shilingi 55,862 za pensheni kila mwezi na zaidi ya milioni 5.5 za mkupuo. La pili ni madaraja. Kwa kuwa miaka mitatu bora ndiyo inayohesabiwa, cheo kilichocheleweshwa hupunguza pensheni ya maisha yote, kwa hiyo madai ya kupandishwa hufuatiliwa mapema, mtu akiwa na miaka 50 au 52.

Makaratasi

Jalada la mstaafu hukwama kwa vitu vidogo: jina lililoandikwa kwa herufi tofauti kwenye cheti na kwenye kitambulisho cha NIDA, mwaka wa kuzaliwa usiolingana, au miezi ambayo michango haikuwasilishwa. Barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini na ya cheo cha mwisho hutafutwa zikiwa bado zinapatikana ofisini, na taarifa ya michango hukaguliwa kila mwaka. Mwezi uliokosekana ni rahisi kuuthibitisha kwa hati ya mshahara ya mwaka jana kuliko ya miaka ishirini iliyopita.

Madeni

Sheria inataka mtumishi abaki na theluthi moja ya mshahara baada ya makato. Kwa mshahara wa 900,000 theluthi hiyo ni 300,000, pungufu ya pensheni ya mfano wetu. Mwenye makato mengi, kwa hiyo, tayari anaishi chini ya kiwango cha pensheni, na pengo analiziba kwa kukopa. Hatari ni kuingia na tabia hiyo uzeeni. Mikopo ya benki na ya SACCOS inapaswa kuisha kabla ya miaka 60, na mikopo ya "kausha damu" haifai kuguswa. Mkopeshaji anayeshika kadi ya benki na namba ya siri ya mstaafu ameshika pensheni yenyewe, na kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 kila mkopeshaji anatakiwa kuwa na leseni.

Wakulima wa kusini wanalijua jambo hili kwa jina la kangomba. Mwenye njaa ya Agosti huuza korosho zikiwa bado maua, kwa bei ya kutupa, na mnada wa Oktoba unapofika mavuno si yake tena. Kukopa kwa dhamana ya kiinua mgongo kisichotoka bado ni kangomba ya mshahara.

Shamba

Udongo wa kichanga wa uwanda wa juu wa Makonde unaifaa mikorosho, na wastaafu wengi hapa huhesabu shamba kuwa pensheni ya pili. Hesabu hiyo ni sahihi ikianza mapema. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, ekari moja huchukua miti kama 28. Mche uliobebeshwa huanza kuzaa mwaka wa tatu na huchukua miaka kadhaa zaidi kufikia mavuno ya kuridhisha. Mkorosho wa kumlisha mtu mwenye miaka 60 hupandwa akiwa na 52 au 53, angali ana mshahara wa kulipia vibarua wa kupalilia na kupuliza salfa dhidi ya ubwiriunga.

Bei nayo haina mwenyewe. Mwaka 2018 serikali ilinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Baadaye ikaja misimu ya bei ya karibu shilingi 2,000, na katika minada ya mwanzo ya msimu wa 2024/25 bei ikavuka 4,000. Fedha zinazopita vyama vikuu vya ushirika, MAMCU upande wa Masasi na TANECU upande wa Newala, huja kwa msimu, mara nyingi kati ya Oktoba na Januari. Ufuta unaouzwa katikati ya mwaka na mbaazi zinazofuata huziba miezi mikavu, na muhogo huhakikisha chakula hakinunuliwi. Mstaafu mwenye mazao hayo matatu na pensheni hasukumwi kuweka mikorosho rehani.

Nyumba, maji na ardhi

Anayeishi nyumba ya shule au ya zahanati ataikabidhi siku atakapostaafu. Nyumba yake inafaa iwe imeezekwa kabla ya kiinua mgongo kutoka, kwa kuwa jengo linaloanzwa kwa mkupuo huwa halishibi. Nyumba ndogo iliyokamilika inamtosha mzee kuliko kubwa isiyo na madirisha.

Mahali pa kujenga panaamua matumizi ya kila siku. Masasi iko chini ya vilima vyake vya mawe, penye barabara kuu na hospitali ya Mkomaindo mjini. Newala iko juu, kwenye ukingo unaotazama bonde la Ruvuma na Msumbiji, na shida yake ya miaka yote ni maji: mchanga huinyonya mvua upesi, na maji ya mradi wa Makonde hupandishwa kwa pampu kutoka bondeni. Bati la mita za mraba 80 likipata mvua ya milimita 10 hutoa karibu lita 800. Mifereji ya bati na tangi kubwa, vikiwekwa mshahara ukiwapo, vinamwondolea mzee gharama ya ndoo za kiangazi na uchovu wa kuzibeba.

Ardhi inahitaji uangalifu wa pekee. Kwa jadi Wamakonde, Wamakua na Wayao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na wanaume wengi wamepanda mikorosho kwenye ardhi ya ukoo wa mke. Miti inaweza kuwa ya mume na ardhi ikawa ya wengine, na akifa, wapwa na watoto wakavutana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu hatimiliki ya kimila, ambayo inaweza kubeba majina ya mume na mke. Hati hiyo, pamoja na wosia ulioandikwa, hupatikana kwa utulivu zaidi wazee wa pande zote mbili wakiwa hai na wameketi pamoja.

Afya na siku za mzee

Mfuko wa bima ya afya, NHIF, una utaratibu wa kuendelea kumhudumia mstaafu na mwenza wake, lakini si watoto, kwa hiyo mwenye watoto wadogo hupanga bima yao mapema. Presha na sukari hupimwa kabla ya kustaafu, bima ya kazini ikiwapo. Kwa magonjwa makubwa, hospitali ya misheni ya Ndanda iko kwenye barabara ya Masasi kwenda Mtwara, na nauli ya kwenda kliniki ni fungu la kudumu katika bajeti.

Siku nazo zinahitaji mpango. Aliyeamka kwa kengele miaka 35 hudhoofu akikosa pa kwenda. Kamati ya shule, uhasibu wa chama cha msingi cha ushirika (AMCOS), baraza la wazee, msikiti au kanisa humpa sababu ya kuvaa shati safi asubuhi. Upande wa pili kuna wito wa fedha: ada, harusi, sherehe za jando na unyago baada ya mavuno. Mchango wa mzee hupangiwa kiasi chake cha mwaka, na mke au mume akijua kiasi hicho, kukataa kunakuwa uamuzi wa nyumba nzima.

Mwaka wa kwanza

Mkupuo ukiingia, unafaa ukae miezi sita bila biashara mpya. Fungu la dharura hubaki benki, na lililobaki laweza kwenda kwenye hatifungani za serikali, ambazo hulipa riba kila miezi sita, au kwenye mifuko ya UTT AMIS. Basi, baa na daladala ambazo mstaafu hakuziendesha akiwa na nguvu huwa hazimlipi akiwa mzee.

Mwisho wa mwaka hesabu hurudiwa. Miezi 12 kati ya 100 imepita. Kwa mwalimu wa mfano, fedha zilizobaki na mali zilizotokana na mkupuo zikijumlishwa zinapaswa zisipungue thamani ya miezi 88, yaani shilingi 29,495,136. Zikiwa pungufu, matumizi yanapunguzwa mwaka huohuo, angali na miezi ya kutosha mbele yake.