SOMO LA TISA: KUKU WA UANI NA KITOWEO CHETU

Mwalimu wa kikundi, tafadhali andika ubaoni maneno manne: kuku, tetea, kideri, kitoweo. Haya, someni pamoja, polepole, mara mbili. Maneno hayo ndiyo somo letu la leo.

Tuanze na kitoweo. Kitoweo ni kile tunachotowea ugali, wali au ndizi. Chaweza kuwa nyama, samaki, maharage au mboga za majani. Lakini mwulize jirani yako, "Leo mna kitoweo gani?" Kama amepika maharage, huenda akajibu kwa haya, "Ah, leo hatuna kitu, tuna maharage tu." Neno hilo "tu" ndilo ninalotaka tulifikirie. Nani alitufundisha kwamba pasipo nyama hapana chakula?

Sasa nitawaeleza nyumba mbili. Nyumba ya kwanza iko kijijini. Kuku wamo uani, lakini nyama huliwa siku ya Idi, siku ya Krismasi, au siku anapofika mgeni. Siku hiyo tetea hukamatwa na kuchinjwa, watu hula wakashiba, kisha majuma mengi hupita kwa ugali na mlenda. Nyumba ya pili iko mjini. Baba anapata mshahara. Karibu kila jioni hupitia penye nyama choma, akala nusu kilo pamoja na wenzake. Huku nyumbani watoto wake wanatowea ugali kwa mchuzi mtupu.

Je, nyumba ipi inakula nyama nyingi mno, na ipi inakula kidogo mno? Fikirini kidogo kabla sijajibu.

Nyumba ya pili inafanya yote mawili. Baba anakula nyingi mno, watoto wanakula kidogo mno. Na nyumba ya kwanza inakula nyingi siku moja, kisha haili kabisa. Basi, tunapouliza tule nyama kiasi gani, yatupasa kuuliza pia: nani anakula, na mara ngapi?

Mwili hujengwa kila siku. Chakula cha kujenga mwili, ambacho wataalamu wanakiita protini, hakiwekwi akiba mwilini kama mahindi ghalani. Mtoto aliyekula nyama nyingi siku ya Idi hawezi kuitumia nyama hiyo mwezi mzima. Yamfaa zaidi kula kidogo kidogo kila siku. Wazee miongoni mwenu huenda wanakumbuka kampeni ya redio ya mwaka 1975 iliyoitwa Chakula ni Uhai. Watu walikaa katika vikundi kama mnavyokaa ninyi leo, wakazungumza habari ya chakula bora. Somo hilo bado halijaisha.

Na huyu baba wa nyama choma? Mwezi wa Oktoba mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba nyama za kusindikwa, kama vile soseji, husababisha saratani ya utumbo mpana. Walisema pia kwamba nyama nyekundu, yaani ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe, yaelekea kuwa na hatari hiyo. Wataalamu hushauri mtu mzima asizidishe kiasi cha gramu 350 hadi 500 za nyama nyekundu iliyopikwa kwa juma zima. Nusu kilo kila jioni ni mbali sana na hapo. Tena wenye jongo wanajua wenyewe jinsi nyama nyingi inavyowaamsha usiku kwa maumivu.

Lakini msinielewe vibaya. Sisemi nyama ni sumu. Nyama ina madini ya chuma ambayo mwili huyapokea kwa urahisi kuliko yale ya majani. Vitamini B12 haipatikani katika mimea. Ipo katika nyama, samaki, maziwa na mayai. Ninachosema ni kwamba nyama si chakula peke yake cha kujenga mwili. Gramu 100 za maharage makavu zina protini zaidi ya gramu 20, karibu sawa na gramu 100 za nyama mbichi ya ng'ombe isiyo na mafuta. Maharage hujaa maji yakipikwa, kwa hiyo itabidi sahani ijae zaidi. Lakini yakiliwa na ugali, kila kimoja hukamilisha upungufu wa mwenziwe. Dagaa nao huliwa pamoja na mifupa yao, na mifupa hiyo ni chokaa ya kuimarisha mifupa yako. Basi acheni kusema "maharage tu" na "dagaa tu".

Sasa tutoke nje, twende uani kwenye kuku.

Tetea ni kuku jike. Tetea wa kienyeji akichinjwa ni kitoweo cha siku moja. Akiachwa hai, atataga, ataatamia siku 21, ataangua, kisha ataanza tena. Tufanye hesabu. Chukueni kalamu.

Tuseme mama mmoja ana matetea 3. Kila tetea anaatamia mara 3 kwa mwaka, na kila mara anaangua vifaranga 8. 3 mara 3 ni 9. 9 mara 8 ni 72. Je, mwisho wa mwaka mama huyu atakuwa na kuku wapya 72? Hasha! Mwewe atachukua wake, kunguru wake, kicheche wake, na mvua itaua wengine. Tuseme katika kila vifaranga 8 wanapona 2 tu. 9 mara 2 ni 18. Lakini akiwalinda, wakapona 6 katika kila 8, atapata 9 mara 6, yaani 54. Tofauti ni kuku 36. Kuku hao 36 hawakununuliwa sokoni. Walilindwa tu.

Watalindwaje? Majuma manne ya kwanza, mfunike mama na vifaranga wake kwa tenga, au watengee kizimba kidogo. Wape chenga za mahindi, pumba na mchwa. Maji yawe katika chombo kifupi chenye vijiwe ndani, ili kifaranga asizame. Baada ya majuma manne waondoe vifaranga kwa mama yao. Naye atarudi kutaga mapema. Usiku kuku wote walale bandani, si juu ya mti wala jikoni. Banda lipitishe hewa, lisivuje, na lifagiliwe. Chawa na utitiri wakizidi, weka majivu makavu mahali kuku wanapojigaragaza.

Lakini kuna adui anayepita mwewe wote, naye ni kideri. Watu wengine wanamwita mdondo. Kideri chaweza kumaliza kuku wa kijiji kizima kwa siku chache, na mara nyingi hufika wakati wa kiangazi. Kuku husinzia, huhema kwa shida, huharisha kijani, na wengine hupinda shingo. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuponya. Una kinga tu. Kuna chanjo ya tone moja katika jicho moja la kuku, nayo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Chanjo ya namna hiyo inatengenezwa hapa hapa nchini, Kibaha. Wachanjwe kuku wazima, kabla ugonjwa haujafika. Usiiache chupa juani, maana joto kali huiharibu.

Chupa moja ya chanjo hutosha kuku wengi kuliko kuku wa nyumba moja. Kwa hiyo msinunue mmoja mmoja. Changeni fedha nyumba kumi, mwiteni mtaalamu wa mifugo, chanjeni siku moja. Jirani asiyechanja anafuga ugonjwa. Na ukinunua kuku mnadani, kumbuka methali: kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mtenge majuma mawili kabla hujamchanganya na wenzake. Kuku aliyekufa kwa ugonjwa mzike au mchome moto. Usimle, usimuuze.

Turudi kwenye hesabu yetu. Katika kuku 54, karibu nusu watakuwa majogoo, yaani 27. Jogoo mmoja atosha matetea 10. Hao waliozidi ndio wa kuchinja au kuuza. Majogoo 27 kwa mwaka ni karibu jogoo mmoja kila majuma mawili, na hakuna hata tetea mmoja anayetaga aliyeguswa. Matetea wapya nao wataanza kutaga wakifika miezi 6 au 7. Ila usifuge kuku wengi kuliko chakula ulicho nacho. Waliozidi wauze mapema.

Na mayai? Tetea akitaga mayai 14, si lazima aatamie yote. Mwachie 10 yaliyotagwa mwisho. Yale 4 ya kwanza, ambayo yamekaa siku nyingi, ndiyo ya kula, maana yai likikaa sana haliangui vizuri. Ukitilia shaka yai, litie katika maji: likizama ni zuri, likielea juu litupe.

Sasa nauliza swali gumu. Yai hilo litaliwa na nani? Sehemu nyingi mama mjamzito alikatazwa mayai, akaambiwa mtoto atazaliwa bila nywele. Watoto nao walikatazwa. Yai likapelekwa dukani, likarudi nyumbani kama sukari na soda. Na kuku akichinjwa, firigisi ni ya baba, paja ni la mgeni, na mtoto anaachiwa shingo na mguu. Ndugu zangu, baba amekwisha kukua. Mtoto ndiye anayejengwa, na mama mjamzito anajenga watu wawili. Mtoto akitimiza miezi 6 aweza kuanza kulishwa yai lililoiva vizuri, likapondwa katika uji wake. Nywele za mtoto hazina habari na yai.

Sikusudii kuivunja heshima ya mgeni. Sisi tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hawezi kupona ikiwa kila mgeni anaondoka na tetea anayetaga. Mchinjie jogoo. Kama jogoo hayupo, mpikie mayai, au maharage ya nazi yaliyoungwa vizuri. Mgeni mwema hahesabu mifupa. Na kabla kuku hajachinjwa, bwana na bibi washauriane, kwa kuwa mara nyingi bibi ndiye aliyemlisha na kumfungia.

Hayo ndiyo ya leo. Mwalimu, sasa ongoza mazungumzo kwa maswali haya.

1. Juma lililopita, nyumbani kwako nyama, samaki au mayai vililiwa mara ngapi? Nani alipata kingi, nani alipata kidogo?

2. Katika kila vifaranga 8 vya kwako, hupona wangapi? Andika hesabu yako kama tulivyofanya.

3. Kikundi chenu chaweza kuchanja kuku wote wa mtaa mwezi gani? Nani atakwenda kuonana na mtaalamu wa mifugo? Andikeni jina lake na siku atakayokwenda.

Kazi ya nyumbani: andika sentensi tatu zenye neno kitoweo, bila kutumia neno "tu". Juma lijalo tutajifunza habari ya bustani ya mboga karibu na jiko. Kwaherini.