Mapumziko ya Mwanafunzi na Vitabu vya Kuburudika Navyo

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake. Ama baad.



Makala haya yametokana na kijana mmoja wa darasa langu. Siku moja, katikati ya somo la tajwidi, alilala mbele ya msahafu wake. Nilimkemea mbele ya wenzake. Baada ya sala ya Magharibi nikamwita, nikamtaka anieleze siku yake inavyokwenda. Anaamka kabla ya Alfajiri. Saa moja asubuhi yuko shule. Akitoka ana tuisheni, kisha anakuja madrasa mpaka jua linapotua. Jumamosi na Jumapili asubuhi ana tuisheni tena, na mchana anamsaidia mama yake kazini. Akaniambia hakumbuki mara ya mwisho alipokaa nusu siku bila ya kuitwa na mtu.

Nilimwomba radhi. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza: tunawafundisha watoto haki za Allah, haki za wazazi na haki za jirani. Je, tumewafundisha haki ya miili yao?

DINI INASEMAJE KUHUSU MAPUMZIKO?

Wako wanaodhani kuwa mcha Mungu hapumziki wala hachezi. Hayo siyo tuliyofundishwa. Katika Suratun Nabai, Allah (S.W.) anataja usingizi miongoni mwa neema zake, kwamba ameufanya uwe mapumziko yetu.

Imam Bukhari amepokea kisa cha Salman na Abu Dardaa (R.A.). Abu Dardaa alikuwa akifunga mchana na kusali usiku kucha hata mkewe akasahauliwa. Salman alipomtembelea alimzuia, akamweleza kuwa Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na watu wa nyumbani kwake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Habari ilipofika kwa Mtume (S.A.W.), alisema kuwa Salman amesema kweli.

Mtume (S.A.W.) mwenyewe alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.). Siku ya Idi, Wahabeshi walicheza na mikuki yao msikitini, naye akamsitiri Bibi Aisha ili atazame mpaka aliporidhika. Alikuwapo pia mtoto mdogo, Abu Umayr, aliyekuwa na kindege cha kuchezea. Kindege kilipokufa, Mtume (S.A.W.) alimwuliza habari zake kwa upole. Kiongozi wa umma mzima alipata nafasi ya kumliwaza mtoto kwa ajili ya ndege!

MBWA MWITU WA ZAMA ZETU

Tuangalie Surat Yusuf. Ndugu zake walipomwomba baba yao awaachie Yusuf waende naye akafurahi na kucheza, Nabii Yaakub (A.S.) hakusema kuwa mchezo ni mbaya. Alisema atahuzunika wakimchukua, na anachelea asije akaliwa na mbwa mwitu wao wakiwa wameghafilika.

Wazazi, hapa pana somo kubwa. Swali siyo kama mtoto acheze au asicheze. Swali ni anacheza na nani, wapi, na nani yuko macho. Siku hizi mbwa mwitu anaweza kuingia mpaka chumbani. Mtoto aliyeachwa na simu mpaka saa saba za usiku hajapumzika. Macho yamechoka, moyo umejaa mambo asiyoyaelewa, na Alfajiri inampita. Kumjazia mtoto kila saa ni kosa, na kumwachia saa zote bila ya mwangalizi ni kosa la pili.

VITABU NINAVYOVIPENDEKEZA

Kusoma kwa ajili ya mtihani na kusoma kwa raha ni mambo mawili. Huku kwa pili hakuna maswali mwishoni, na ukichoka unafunga kitabu. Mimi mwenyewe siku ya mapumziko hupenda hivi vifuatavyo:

1. Suratul Kahf pamoja na tafsiri yake. Tumehimizwa kuisoma siku ya Ijumaa, lakini wengi wetu huikimbiza bila ya kujua inasema nini. Ndani yake mna vijana waliolala pangoni miaka 300 na kuzidi 9, mtu mwenye bustani mbili aliyejisifu, safari ya Nabii Musa (A.S.) pamoja na mja mwema, na Dhulqarnain na ukuta wake. Chukueni kisa kimoja kila Ijumaa, na baada ya wiki nne mtakuwa mmevimaliza. Tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, iliyochapwa kamili mwaka 1969, ina maelezo yanayosaidia sana.

2. Hekaya za Abunuwasi. Hizi ni za wadogo, na za wakubwa wasiotaka kukiri. Zisomeni kwa sauti, mmoja asome na wengine wasikilize. Ila tukumbuke kuwa ni hekaya za kuchekesha, siyo mafunzo ya kuwahadaa majirani.

3. Adili na Nduguze, cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952. Ni kisa cha mtu na ndugu zake wawili walioangamizwa na husuda mpaka wakageuzwa manyani. Aliyesoma Surat Yusuf ataona kuwa husuda ya ndugu haikuanza leo. Kiswahili chake ni kitamu, na maneno magumu mwulizeni babu.

4. Mzimu wa Watu wa Kale, cha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, cha mwaka 1960. Hiki ni cha vijana wa sekondari. Watu wanaogopa mzimu, lakini Bwana Msa anatafuta ukweli kwa akili na subira. Kinafaa kwa kila anayekimbilia kumsingizia jini kabla ya kuuliza.

5. Utenzi wa Mwana Kupona. Mwana Kupona binti Msham aliutunga mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake. Mama na binti wausome pamoja, kisha wazungumze: lipi ni nasaha ya kila zama, na lipi lilihusu maisha ya Pate ya wakati ule?

Kwa wazazi naongeza Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Tafsiri yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 2022. Ni ya watu wazima, na inamhusu kijana aitwaye Yusuf aliyetolewa nyumbani kwa sababu ya deni la baba yake.

Asiye na uwezo wa kununua asivunjike moyo. Kitabu kimoja kikizungushwa kwa nyumba kumi, nyumba kumi zimesoma. Masharti ni mawili tu: usikunje kurasa, na urudishe.

STAREHE NDOGO ZISIZO NA GHARAMA

Usingizi mfupi wa mchana, yaani kailula. Kahawa ya babu barazani na kipande cha kashata. Kuoga, kuvaa kanzu safi na kwenda Ijumaa mapema bila ya kukimbizana. Mpira baada ya Alasiri, mradi adhana ya Magharibi iwakute njiani kurudi. Bao chini ya mwembe. Kumtembelea bibi na kumsikiliza, hata kama kisa hicho amekwishakisimulia mara tano. Kukaa ufukweni na kutazama ngalawa zikirudi, huku unamshukuru Aliyeumba bahari.

Haya yote ni mambo ya halali, na mtu akinuia kupata nguvu za kumtii Mola wake, hupata na thawabu.

HITIMISHO

Yule kijana, nilikwenda kuzungumza na mama yake. Hali yao si nzuri, na nilielewa kwa nini msaada wake unahitajika. Hata hivyo tulikubaliana: kila Ijumaa, kuanzia baada ya sala mpaka Alasiri, asiitwe na mtu. Sitawadanganya kuwa sasa amekuwa wa kwanza darasani. Bado husinzia mara mojamoja. Lakini wiki iliyopita alinijia kabla ya somo, akaniuliza kwa nini Khidhri aliitoboa jahazi ya maskini. Hakuna aliyemtuma kuisoma sura hiyo. Nimefundisha miaka kadhaa, na swali lile lilinifurahisha kuliko majibu mengi ya mitihani.

Basi wazazi, mtafutieni kila mtoto saa zake, japo mbili kwa wiki. Nanyi wanafunzi, mkipewa saa hizo zilindeni, maana nazo mtaulizwa.

Allah (S.W.) atujaalie afya, faragha yenye manufaa na elimu yenye kunufaisha. Amin.

Wabillahi tawfiq.