Mwalimu wa bustani awe jirani

Bwana shamba mmoja hawezi kufika kila ua wa Babati. Nyumba zinaongezeka, na kila mwenye kipande cha ardhi uani anataka mchicha na mnafu wake. Hapo ndipo anapohitajika mwezeshaji wa kujitolea: jirani aliyefunzwa, ambaye bustani yake unaiona ukipita njiani.

Jambo hili si geni wilayani. Kuanzia 2012, mradi wa utafiti wa kilimo wa Africa RISING ulishirikiana na wakulima wa vijiji vya Babati, kilimo cha mboga kikiwemo. Mtindo wa shamba darasa, wa wakulima kujifunza pamoja shambani, ulianzia kwenye majaruba ya mpunga ya Indonesia mwaka 1989. Marekani, jimbo la Washington, walianza mwanzoni mwa miaka ya 1970 kuwafunza watu wa kujitolea wajibu maswali ya wenye bustani mijini.

Hapa kwetu swali halichelewi kuja: nyanya zangu zinakauka, nipulize nini?

Mwezeshaji aliyeiva hakimbilii kutaja dawa. Anachuma jani, analiinua kwenye mwanga, anaonyesha mabaka yaliyotafunwa ndani kwa ndani na kiwavi mdogo aliyejificha humo. Ni kantangaze, mdudu wa asili ya Amerika Kusini. Kupuliza ovyo ni kutupa fedha, maana sumu haimfikii vizuri humo ndani, na nyingine amekwishazizoea. Majani na matunda yaliyoshambuliwa yachumwe na kuteketezwa. Msimu unaofuata, kitanda kile kisipandwe nyanya, bilinganya wala viazi mviringo, maana ni jamii moja. Panda maharage au vitunguu.

Somo kama hilo halifundishiki kwa makaratasi ya semina. Mafunzo yafuate msimu mzima, kuanzia kusia mbegu kitaluni hadi kuvuna, na mwanafunzi ashike jembe.

Tatizo, kwa maoni yangu, liko kwenye uteuzi. Mikutano ya mtaa hupenda kupendekeza msemaji hodari, hata kama uani kwake hakuna mche. Tena kujitolea kuna gharama: anayepokea wageni kila wiki anachelewa kupalilia vitanda vyake. Kikundi cha majirani anaowafunza kinaweza kumlipa kwa kumlimia asubuhi moja au kumchangia samadi, na hilo lisemwe mapema, siyo baada ya yeye kuchoka.

Basi mtaa wenu ukiombwa majina ya wa kwenda kufunzwa, pitieni kwanza bustani zao, ndipo muandike.