Je, Wajua? Salpa wa Kioo

Je, wajua kuwa si kila kitelezi kinachong'aa majini ni konyeza? Konyeza huwasha. Huenda ni salpa, ambaye hana upupu hata chembe.

Je, wajua kuwa kiukoo salpa yuko karibu nawe kuliko konyeza? Yumo katika faila ya kodata, pamoja na samaki, kuku na binadamu. Moyo wake husukuma damu upande mmoja, husita, kisha huigeuza irudi ilikotoka.

Je, wajua namna ya kumtambua? Ukimpata pwani ya Kawe, mtie kwenye chupa ya kioo yenye maji ya bahari, weka kitambaa cheusi nyuma, mulika tochi ubavuni. Utaona kipipa kilicho wazi pande mbili, na mikanda ya misuli. Ihesabu, itazame inavyokutana: spishi hutambulikana hapo. Ikiwa pete kamili zinazozunguka mwili mzima, huyo ni dolioli, ndugu yake tu. Ikichora herufi X mbili mgongoni, yaelekea ni Pegea. Mnyororo wa salpa walioungana, uliojikunja kama gurudumu? Cyclosalpa. Mkubwa wa sentimita 30 mwenye mikia miwili myeusi? Thetys.

Je, wajua kuwa kila spishi ina sura mbili? Hapa ndipo hata wataalamu walipopotea. Salpa mpweke huchipuza mnyororo wa salpa wengi bila kujamiiana. Wale wa mnyororo huanza maisha wakiwa majike, hubeba kiinitete, kisha hugeuka madume. Kiinitete kikikua huwa mpweke tena. Basi mtoto hafanani na mama. Anafanana na bibi! Aliyelifumbua fumbo hili mwaka 1819 ni Adelbert von Chamisso, mshairi aliyezunguka dunia kwa meli ya Rurik. Wengi hawakumwamini.

Kwa hiyo Thalia democratica, salpa mdogo wa bahari zenye joto, Bahari ya Hindi ikiwemo, anaweza kukuhadaa: mpweke ana vimkia viwili nyuma, wa mnyororo hana. Peter Forskål, aliyempa jina, alifariki Yemen mwaka 1763; kitabu chake chenye jina hilo kikatoka 1775.

Je, wajua kuwa kipipa chaweza kuwa na mpangaji? Ukiona kijidudu kama kamba mdogo ndani, huyo ni Phronima: amemla salpa, analea wanawe humo. Mikanda ya kuhesabu haipo tena.