Daftari Liko Dar es Salaam: Mtanzania wa Ughaibuni na Vyeti Vyake

Cheti cha kuzaliwa, kwa jicho la sheria, ni dondoo tu la maandishi yaliyomo katika daftari la serikali, na daftari hilo ndilo lenye uzito. Karatasi ikipotea maandishi hubaki, lakini maandishi yasipokuwapo hakuna ofisi inayoweza kutoa karatasi. Kwa Tanzania Bara, daftari hilo hutunzwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, wenye jengo lake katika Mtaa wa Makunganya, si mbali na kivuko cha Magogoni. Ndiyo maana Mtanzania aishiye Muscat au London, anapotakiwa cheti na mwajiri wa huko, hapaswi kushangaa akielezwa na ubalozi kwamba hautoi cheti hicho. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu uhusiano wa kikonseli humpa konseli, ambaye ni ofisa anayewahudumia raia wa nchi yake ugenini, madaraka ya kutoa pasipoti na kuthibitisha hati na saini. Lakini mtoto aliyezaliwa Ilala ameandikwa Dar es Salaam, na konseli hana zaidi ya kuelekeza na kushuhudia.

Aliyesajiliwa tangu utotoni ana kazi nyepesi. Mfumo wa eRITA humwezesha kuomba kwa njia ya mtandao, na akiwa na kivuli cha cheti cha zamani chenye namba ya ingizo, yaani nambari inayoonyesha mahali jina lake lilipo daftarini, utafutaji huwa mfupi. Asiye na namba hiyo wala ndugu wa kumfuatilia mjini ndiye huangukia mikononi mwa vishoka, ambao humtoza kwa huduma ambayo ofisi yenyewe huitoa kwa ada iliyotangazwa.

Ugumu halisi humpata asiyeandikwa kabisa, na watu wa aina hiyo ni wengi kwa sababu zilizoanzia mbali. Sheria ya usajili wa vizazi na vifo, ambayo sasa ni Sura ya 108, ilitungwa mwaka 1920 chini ya utawala wa Waingereza, na ulazima wake uliwahusu Wazungu na Waasia huku Waafrika wakiachiwa hiari, hadi ulipoenezwa kwao wilaya kwa wilaya baada ya Uhuru. Sensa ya mwaka 2012 ilipofanyika, bado ni takriban asilimia 13 tu ya watoto wa Bara walio chini ya miaka 5 waliokuwa na vyeti, na mkakati wa kuwasajili bila malipo katika vituo vya afya na ofisi za kata ulianzia Mbeya mwaka 2013. Mtu mzima aliyepitwa na hayo yote huingia katika usajili uliochelewa, ambamo hudaiwa ushahidi: tangazo la kizazi lililotolewa hospitalini, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha elimu ya msingi, au kiapo cha mzazi. Mara nyingi si ushahidi unaokosekana bali majina yanayogombana, kwa kuwa mtu aliyeitwa kwa jina la babu shuleni hubeba jina jingine katika pasipoti, na tofauti hiyo, ambayo mtaani haimsumbui yeyote, humzuia mbele ya dirisha la ofisi.

Cheti kikishapatikana, hubaki swali la nchi ya ugenini kukiamini. Mkataba wa The Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961 uliweka muhuri mmoja uitwao apostili, unaotosha baina ya nchi wanachama, na Burundi na Rwanda zimekwishajiunga. Tanzania haimo, kwa hiyo hati yake hupita mlolongo mrefu zaidi: mtoaji huihakiki, Wizara ya Mambo ya Nje huithibitisha, kisha ubalozi wa nchi inakopelekwa hugonga muhuri wake.

Mzaliwa wa Unguja au Pemba hana haja ya kupanga foleni Makunganya, kwani Zanzibar ina daftari lake chini ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2018.

Pengine hakuna mahali ambapo karatasi hizi zina thamani zaidi kuliko Kariakoo, ambako nyumba za vyumba sita zilizojengwa na mababu zimegeuka viwanja vya maghorofa, na warithi wametawanyika hadi Ghuba na Uingereza. Mirathi haifunguliwi bila cheti cha kifo, wala mrithi aliye mbali hawezi kuuza fungu lake bila hati ya uwakilishi, yaani maandishi yanayompa mwingine mamlaka ya kutenda kwa niaba yake. Hapo ubalozi huwa na kazi yake hasa: mrithi hutia saini mbele ya ofisa wa konseli, hati hurudishwa Dar es Salaam, hulipiwa ushuru wa stempu, kisha hupelekwa kwa msajili, na herufi moja ya jina la marehemu ikitofautiana na iliyoko katika cheti cha kifo, hati hurudi Muscat kuandikwa upya.