Busaa na Chang'aa Katika Kikombe Kimoja

Leo nitajibu swali ambalo huulizwa sana nikimaliza kupima watoto uzani, tena kwa sauti ya chini: "Sista, ni kweli kuchanganya pombe ndiko kunakoua?"

Sauti ya chini naielewa. Hapa Kibera na kule Kawangware wapo akina mama wanaolipa karo kwa busaa. Sikuja kumchongea mtu kwa chifu, nimekuja kueleza.

Busaa, kama mjuavyo, ni unga wa mahindi uliochachuka, ukakaangwa juu ya bati, kisha ukatiwa maji na kimea cha wimbi. Muratina ni ya asali au miwa na lile tunda lililokaushwa. Hizi huchachuka tu. Chang'aa ni nyingine: kangara huchemshwa, mvuke ukapoozwa, ikadondoka tone kwa tone. Na wapo wapishi wanaopenda kujaribu, muratina juu ya busaa, kangara ya huyu na kimea cha yule, au busaa ikolezwe na chang'aa ili wateja wasihame.

Nisema ukweli: busaa ikikutana na muratina safi, hakuna sumu inayozaliwa. Kinachopotea ni kipimo. Mtu aliyezoea kopo la Kimbo la busaa hunywa lile lile hata kama ndani mna chang'aa, ambayo yaweza kuwa na nguvu mara tano au zaidi. Huyo ndiye mnayemwokota kwenye mtaro.

Kinachoua watu wengi kwa usiku mmoja ni kitu kingine, nacho ni methanoli, spiriti ya viwandani ya kuyeyushia rangi na kazi kama hizo. Wafanyabiashara wengine huitia kwenye chang'aa ili iwe kali haraka na kuni zisiishe. Mnakumbuka Novemba 2000 kule Mukuru: zaidi ya watu 100 walikufa, wengine wakabaki vipofu. Mei 2014 ikawa Embu, Kitui, Makueni na Kiambu. Februari 2024 ikawa Kirinyaga.

Huwezi kuitambua kwa kunusa wala kuonja. Wale wanaowasha kiberiti wakitazama rangi ya moto wanajidanganya, kwani pombe ya kawaida na methanoli zote huwaka kwa samawati. Na kiasi cha kudhuru ni kidogo mno. Vijiko viwili vya chai vya methanoli tupu vyaweza kupofusha mtu mzima.

Sasa sikiliza hapa vizuri, mama, maana ndipo uchanganyaji unapotudanganya. Methanoli haiumizi sana ikiwa bado nzima. Ini ndilo huivunja na kuigeuza asidi, na asidi hiyo hushambulia mshipa wa macho na ubongo. Lakini ini huvunja pombe ya kawaida kwanza. Ni kama foleni ya kioski cha maji: busaa iko mbele na mitungi yake, methanoli inangoja nyuma. Kwa hiyo aliyekunywa chang'aa yenye sumu akashushia na busaa, huamka mzima kabisa. Anakula, anatania watoto. Foleni ikiisha, baada ya saa 12, saa 24 au hata zaidi, ndipo sumu inapoanza kazi.

Mama mmoja alinijia Jumatatu. Kijana wake alikunywa Jumamosi usiku. Jumapili asubuhi alifua nguo zake mwenyewe. Jioni akauliza, "Mama, mbona nyumba ina moshi?" na jiko lilikuwa halijawashwa. Mama akadhani ni ulevi wa jana, akamwambia alale. Kijana yu hai, lakini siku hizi hushikwa mkono kwenda chooni.

Basi mtu akisema anaona ukungu baada ya kunywa, usingoje asubuhi. Vivyo hivyo akiumwa sana na kichwa au tumbo, akitapika, akihema haraka na kwa nguvu, au akipotewa na maneno. Mwenye usingizi mzito mlaze kwa ubavu, usimtapishe. Maziwa, ndimu na supu haviondoi methanoli. Walio Kibera wana Mbagathi na Kenyatta karibu. Wa Kawangware mpelekeni kituo kilicho karibu, kisha Kenyatta, kwenye mashine za kusafisha damu. Bebeni pombe iliyobaki, semeni alikunywa saa ngapi, na litajeni neno methanoli. Muuguzi anataka kujua alichokunywa, si aliyemuuzia. Na waliokunywa naye watafutwe pia, hata kama wanacheka.

Huko hospitalini dawa mojawapo huweza kuwa pombe safi yenyewe, kwa kipimo cha uzani wa mgonjwa, ili methanoli iendelee kukaa nyuma ya foleni huku damu ikisafishwa. Usijaribu nyumbani. Ile uliyo nayo kabatini huenda ndiyo iliyomwumiza.

Kwa wewe unayepika: usinunue spiriti ya mapipa, na usitie kwenye chungu chako kitu alichopika mtu mwingine. Mitungi iliyobeba kemikali haioshwi ikawa safi.

Lililobaki ni la mama aliyeniuliza kama kijiko cha busaa humsaidia mtoto mchanga kulala. Hapana, hata kijiko. Pombe hushusha sukari kwenye damu ya mtoto, naye anaweza kuzirai huku wewe ukidhani amelala. Mlete kliniki tumtazame masikio na tumbo.