MLISHE PUNDA WAKO CHAKULA CHAKE, SI CHA NG'OMBE

Asubuhi moja mkulima wa skimu yetu alitukuta mlangoni pa ofisi. Punda wake alikuwa amelala chini, akigaagaa na kulitazama tumbo lake. Jioni iliyotangulia, baada ya kazi ya kubeba mavuno, mkulima alitaka kumshukuru, akampa debe zima la mahindi. Bwana Mifugo alikwenda mbio, lakini punda alikufa kabla ya saa sita. Kwa majuma matatu maziwa ya nyumba ile yalibebwa mgongoni, na mara mbili yalifika gari likiwa limekwisha ondoka.

Mkulima huyu hakuwa mchoyo. Alikosa maarifa tu.

Ng'ombe ana tumbo la sehemu 4, naye hucheua. Punda, kama ndugu yake farasi, ana tumbo moja dogo. Hacheui, wala hawezi kutapika. Majani magumu husagwa polepole katika utumbo wake mpana. Mnyama huyu aliumbwa kula kidogo kidogo mchana kutwa. Nafaka nyingi kwa mara moja humletea msokoto wa tumbo, au maradhi ya kwato yamfanyayo ashindwe kutembea.

Basi shika haya:

1. Chakula chake kikubwa kiwe majani ya malisho, nyasi kavu na mabua. Punda wa kilo 150 afanyaye kazi hutosheka na kama kilo 3 za nyasi kavu kwa siku. Mgawie mara kadhaa.

2. Majani mabichi uliyokata mpe siku ile ile. Yakirundikwa hupata moto na kuchacha.

3. Karoti ni nzuri, lakini kidogo. Zikate kwa urefu. Vipande vya mviringo huweza kumkaba koo.

4. Usimpe viazi vya kijani wala majani yake, wala avokado na majani yake. Vyote vina sumu kwake.

5. Mahindi yenye ukungu usimpe kabisa. Sumu yake huharibu ubongo wa punda na farasi.

6. Chakula cha ng'ombe cha dukani mwekee ng'ombe. Baadhi yake hutiwa dawa iitwayo monensini, nayo huweza kumwua punda.

7. Ukibadili chakula, badili polepole kwa majuma mawili.

8. Maji safi yasikosekane, pamoja na chumvi ya kulamba.

Ukimwona amekataa chakula, au analala na kuinuka ovyo, usingoje kesho. Mwite Bwana Mifugo mara moja.

Watu husema shukrani ya punda ni mateke. Haidhuru. Wewe ukitaka kumshukuru jioni, mfungue mzigo, mpe maji, kisha mwache akale majani.